Kiatu cha Kushoto

Mimi nikiwa kazini sijibu mtu. Si kiburi. Fundi viatu huweka misumari mdomoni, sita, saba, hata kumi, akiitoa mmoja mmoja kwa midomo na kuigonga kwenye soli, na ukitaka kuongea na misumari mdomoni utaimeza. Wateja wangu pale mtaani Mwanga wameshanizoea. Wananisalimia, naitikia kwa nyusi, wananiachia kiatu, wanaenda zao. Mke wangu husema ile misumari naipenda kuliko kazi yenyewe, kwa sababu inanipa ruhusa ya kunyamaza nisipotaka kusema. Ana maneno yule mwanamke, lakini kwa hilo simbishii.

Ninachotaka kusimulia ni habari ya kiatu cha kushoto cha binti yangu, na jinsi nilivyokitengeneza vizuri, tena vizuri mno, mpaka nikakaribia kumlemaza.

Tunakaa Ujiji katika nyumba ya mama yangu: mama, mke wangu, mimi na huyo binti, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, darasa la pili. Mke wangu anauza samaki, dagaa na migebuka. Mimi asubuhi napanda baiskeli naenda kwenye kibanda changu mjini. Binti analala chumba kimoja na bibi yake tangu alipoachishwa ziwa, na bibi yake ndiye anayemwogesha, anayemsuka, anayemchambua chawa akitoka nao shuleni. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto wa kwanza wa mwanao ni wako.

Basi huyo binti alikuwa anakojoa kitandani. Mwanzoni tuliona si jambo, watoto wote hukojoa. Akafika miaka mitano, sita, saba, bado. Mama hakulalamika hata siku moja. Alikuwa akianika godoro uani, upande wa migomba, majirani wasione, na jua likizama analirudisha. Kisha ikaanza na mchana. Anarudi kutoka shule sketi imelowa, kajifunga sweta kiunoni, kanyamaza. Wenzake wakampa jina, na jina lenyewe unalijua, sina haja ya kulitaja.

Nikafanya nilivyofanyiwa. Nilimchapa. Nasema hivyo hivyo bila kupaka rangi: nilimchapa kwa kipande cha mkanda wa ngozi nilichotoka nacho kazini, na si mara moja wala mara mbili. Nikamwambia ni uvivu, mkojo ukikubana unainuka unaenda chooni, basi. Hakuwa mtoto wa kulia sana. Siku moja aliniangalia tu, akasema, "Baba, mkojo ukija siusikii." Nikaona ananiletea visingizio. Nikamwongezea kimoja cha mwisho kwa kunijibu.

Mungu anisamehe. Nitarudi hapo.

Sasa kiatu. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinaliwa upande. Ukingo wa nje unaisha mpaka unagusa ngozi, ncha ya mbele inachubuka, na kisigino kinabaki kipya kama kilivyotoka dukani. Cha kulia kinaliwa sawasawa kama kiatu cha mtu yeyote. Mtu mwingine angeuliza mguu una nini. Mimi niliona kiatu. Kila baada ya wiki mbili tatu nilibandua ile soli, nikakata nyingine ya tairi, nikaigonga, nikaisawazisha kwa kisu, nikapaka rangi. Nilikuwa najivuna kabisa. Mtoto wa fundi akipita mtaani na kiatu kilicholalia upande, nani ataniletea chake?

Alikuwa akiburuta mguu kidogo. Mama akasema huo ni mwendo wa ukoo wa mke wangu. Mke wangu akasema hapana, ni wa kwetu, ndivyo shangazi zangu wote wanavyotembea. Tukacheka, tukala, tukalala.

Kilichotuamsha ni kaa la moto. Mke wangu alikuwa akikaanga dagaa uani, kaa likadondoka kutoka kwenye jiko, na binti akapita peku akalikanyaga kwa mguu wa kushoto. Hakupiga kelele. Alisimama pale pale juu yake akimsimulia mama yake habari za shule, mpaka mama yake aliposikia harufu. Mke wangu huyo, mwanamke asiyeogopa kitu, alinipigia simu akashindwa kusema. Nilisikia pumzi tu.

Zahanati walishatupa dawa za mkojo na dawa za minyoo, na siwalaumu, maana tuliwapelekea mtoto anayekojoa, wakamtibu mtoto anayekojoa. Safari hii tukaenda hospitali ya mjini. Pale palikuwa na daktari wa kike, kijana, amehamishiwa kwetu kutoka kaskazini. Kiha alichokijua kilikuwa neno moja tu, "mwakeye", salamu ya asubuhi, na alimsalimia nalo kila mtu kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni, na wamama wa Kiha wanacheka mpaka wanashika mbavu, naye anacheka nao.

Siku ile ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Na kwa sababu tunakwenda kwa daktari, jioni ya kuamkia siku hiyo nilikibandua kile kiatu nikakiwekea soli mpya. Mama naye akamwogesha mjukuu wake, akampaka mafuta, akamvalisha gauni la Idi. Huwezi kumpeleka mtoto kwa daktari anaonekana kama hana wenyewe. Nikamwambia binti, "Ukiambiwa tembea, jikaze, usiniaibishe." Akaambiwa tembea, akajikaza. Alitembea kama askari.

Daktari akalifunga lile jeraha, akapima miguu yote miwili kwa utepe, akaniambia wa kushoto umepungua unene. Kisha akaniuliza, "Baba, alipozaliwa alikuwa na alama yoyote mgongoni, huku chini? Kishimo, uvimbe, baka, nywele?"

"Hana," nikasema. Nilisema kwa uhakika wote, utadhani nimeapishwa. Baba gani wa Ujiji anaujua mgongo wa binti yake? Daktari akafunua gauni akatazama harakaharaka, foleni ilikuwa mpaka nje. Ngozi safi, inang'aa mafuta. Akatuambia turudi kubadilisha bandeji.

Siku ya kurudi ilipofika, mimi nilikuwa nimezidiwa na viatu vya harusi, kwa hiyo alimpeleka mama yake, na kile kiatu sikuwa nimepata nafasi ya kukigusa tangu siku ile. Mke wangu akaja moja kwa moja kibandani. Akasimama mbele yangu, akaniondolea nyundo mkononi.

"Daktari anakuita wewe. Na amesema kiatu cha mtoto usikiguse."

Jamani! Mtu anakuja kutoka huko kwao kuja kunikataza mimi kutengeneza kiatu. Nilipanda baiskeli nikakanyaga pedali kwa hasira njia nzima. Nilipoingia, yule daktari aliinuka kwenye kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hivi viatu unavitengeneza wewe?"

"Ni mimi. Vina kasoro?"

"Havina kabisa. Hapo ndipo nilipokwama." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Siku ile mlikuja na soli mpya, nikaona mtoto anayetembea vizuri. Leo nimeona soli ambayo hukuiwahi. Naomba mwezi mzima usiviguse. Avae hivyo hivyo, viliwe vinavyotaka kuliwa, kisha uniletee."

"Daktari, mimi ni fundi viatu."

"Najua, baba. Ndiyo maana nakuomba."

Mwezi ule nilipata tabu, sijui nikueleze vipi. Kila jioni kile kiatu kiko mlangoni kinanitazama. Soli imeisha upande wa nje, uzi umetokeza, na gundi ninayo, tairi ninalo, mikono ninayo. Mafundi wenzangu wakaanza. "Fundi, mwanao siku hizi anatengenezewa wapi, mbona umemwacha aadhirike?" Sikuwajibu, nilikuwa na misumari. Lakini kadiri nilivyokitazama bila kukigusa, ndivyo nilivyoanza kukiona. Kiatu kipya kabisa kwenye kisigino. Mtoto wangu alikuwa anatembea mwaka wa pili au wa tatu huo bila kisigino chake kugusa chini, na baba yake ni fundi viatu.

Mwezi ulipotimia tulikwenda wote watatu. Daktari akakigeuza kile kiatu juu ya meza yake, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, kama ninavyofanya mimi. Akasema mguu wenyewe hauna kosa. Mguu unafuata amri, na amri inatoka mgongoni. Mguu unaopungua, ngozi isiyosikia moto, mkojo usiosikika ukija, vyote vitatu vinatoka sehemu moja. Akamlaza binti kifudifudi karibu na dirisha, akawasha taa ya simu, akailaza ili mwanga upite juu ya ngozi kwa ubavu. Akapapasa chini kabisa ya mgongo, pale mkanda wa sketi unapokaa. Akapapasa kwenda juu, akapapasa kurudi chini.

"Hapa pamenyolewa," akasema.

Nikamtazama mke wangu, mke wangu akanitazama mimi. Binti akajibu, uso umezama kwenye mto: "Bibi hunyoa. Kila Ijumaa, kabla sijaoga."

Nilirudi nyumbani kabla yao. Mama alikuwa barazani anapepeta mchele. Sikumwamkia, jambo ambalo sijawahi kulifanya maisha yangu yote.

"Mama, umemfanya nini mwanangu?"

"Punguza sauti, watu watasikia."

"Watu! Hao hao watu ndio waliotufikisha hapa!" Nikabwata, nikasema maneno mengi ambayo mengine siyakumbuki na mengine nayakumbuka sana. Mama akaendelea kupepeta. Nilipoishiwa pumzi, akaweka ungo chini.

Akaniambia mtoto alizaliwa nacho. Kishungi cha nywele, nyeusi, laini, urefu wa kidole, kimeota pale pale chini ya mgongo. Mke wangu alikuwa ndani na arobaini yake, na mtoto alikuwa akiogeshwa na mama. Mke wangu alikiona mara moja akauliza, mama akamwambia hizo ni nywele za tumboni, zitatoka zenyewe. "Nikawatazama wanawake wanaokuja kumwona mtoto," mama akasema, "nikajua watasema nini. Watasema mkia. Watasema ana jini. Na huyu ni mtoto wa kike, mwanangu. Jina likimshika litamfuata mpaka mlangoni kwa mume, kama mume atakuja." Siku ya saba, mtoto aliponyolewa kichwa kama ilivyo desturi, mama aliuweka ule wembe, na watu walipoondoka akanyoa na huko nyuma. Nywele zikaota. Akanyoa tena. Miaka minane, kila Ijumaa, wembe mpya.

"Sijamkata hata mara moja," akasema. "Hata mara moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Na hiyo hasira yako?"

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto, "Kwani hizo nywele ndizo zinazomuumiza?"

"Hapana, mama. Zilikuwa zinatuambia anaumwa."

Akajifunika uso na mtandio. Mama yangu sikuwa nimemwona akilia tangu tulipomzika baba. Nilikaa chini kwenye mkeka karibu naye, na hasira yote ikaniishia, maana yeye alinyoa nywele na mimi niligonga soli, na mke wangu alifua mashuka, na kila mmoja alikuwa anampenda mtoto yule yule. Baadaye alinipa pakiti ya nyembe zilizobaki. Nikazipeleka kazini, nikazitumia kukatia ngozi.

Tuliporudi hospitali, daktari hakutukaripia. Nilitamani angetukaripia. Alimpima binti kwa altrasaundi ya tumbo akatuonyesha kwamba hata baada ya kwenda haja ndogo, kibofu bado kimejaa nusu, kinachovuja ni ziada. Akapiga eksirei ya mgongo, akaiinua dirishani. Mifupa miwili ya chini haikuungana nyuma, imeacha mwanya. Nikasema basi ugonjwa tumeuona. Akatikisa kichwa. Eksirei inaona mfupa, akasema, na shida si mfupa, shida ni ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani yake. Angekuwa kichanga wa mwezi mmoja, mifupa bado laini, altrasaundi ya mgongo ingeweza kuuonyesha pale pale. Sasa mifupa imekomaa, imefunga mlango. Inatakiwa picha ya MRI, na kwa hiyo twende Dar. Anahisi mshipa umenata huko chini, na mtoto akirefuka unavutwa. "Tusichelewe," akasema. "Akianza kurefuka kwa kasi, miguu yote miwili inaweza kumwacha."

Mke wangu akauliza kama hilo la nywele lingejulikana mapema ingekuwaje. Daktari akasema, "Mama, tumejua leo," akaanza kuandika barua ya rufaa.

Tulipanda treni sisi watatu. Mama alitusindikiza stesheni na kikapu cha chakula ambacho kingetosha behewa zima, na alipokuwa akimkumbatia mjukuu wake nikaona anamfunga kitu kiunoni. Sikuuliza. Njiani binti alikuwa na furaha, anahesabu stesheni, anataka kila kinachouzwa dirishani. Mke wangu alikuwa anamfunika kanga hata joto likizidi. Mimi nilikuwa nikitazama ule mguu.

Kule Dar, kwenye chumba cha mashine, kulikuwa na kijana aliyejitambulisha kuwa ndiye fundi wa picha. Nikampenda kwa hilo neno moja. Alitaka kujua kama tuna chuma chochote, maana mashine ile ni sumaku kubwa isiyozimwa. Kiunoni mwa binti akakuta hirizi ya mama, imefungwa ndani ya kibati. Aliifungua kwa adabu, akanikabidhi kwa mikono miwili: "Mtunzie, baba, akitoka ataikuta." Viatu vikabaki nje, vina misumari yangu. Mzazi mmoja tu aliruhusiwa kuingia. Mke wangu akasema, "Ingia wewe, mimi nitalia nimtishe." Nikatoa funguo, mkanda, simu, nikasema niko tayari. Yule kijana akapapasa mfuko wa shati langu akatoa misumari mitatu. Akashuka kwenye pindo la suruali, akatoa mwingine.

"Fundi," akaniambia, "wewe umetembea na duka."

Walikuwa na wasiwasi binti hatatulia. Karibu saa nzima bila kutikisika, ndani ya tundu lile, na makelele yake, watoto wengi huchomwa dawa ya usingizi. Tukakubaliana kwanza tujaribu bila dawa. Walimwingiza miguu kwanza, kichwa kikabaki karibu na mlango wa tundu, nami nikapewa kiti hapo kichwani. Tukavalishwa vizibo vya masikio sote wawili. Mashine ikaanza: ko, ko, ko, ko. Ikanyamaza. Ko-ko-ko-ko-ko. Ilipotulia kidogo, binti akageuza macho juu kunitazama, na nikasoma midomo yake kabla sauti haijanifikia.

"Baba, anagonga soli."

Alipokuwa mdogo, kabla ya kuanza shule, alikuwa akilala mchana kibandani kwangu juu ya magunia ya ngozi, kichwa hatua mbili kutoka kwenye nyundo. Ni kelele aliyokulia. Akafumba macho, akatulia tuli, na yule kijana nyuma ya kioo akaniinulia kidole gumba.

Nikabaki na yeye na ile nyundo. Mdomoni sina msumari hata mmoja. Nilimtazama paji la uso, kidevu, zile kope, nikakumbuka siku aliyoniambia mkojo ukija hausikii. Mtoto wa miaka saba alinitajia ugonjwa wake kwa maneno ambayo daktari alikuja kuyatumia yale yale, na mimi nikanyanyua mkanda. Na kwa kuwa palikuwa na makelele, na masikio yangu yamezibwa na yake yamezibwa, na hakuna mtu duniani wa kunisikia, hata mimi mwenyewe sikujisikia, nikasema. Nisamehe, mama. Nilikuchapa bure. Ulisema kweli. Nisamehe. Nilisema hivyo mpaka mashine iliponyamaza, nami nikanyamaza.

Siku ya majibu daktari wa upasuaji, mtu mzima mwenye mvi, alituweka mbele ya kioo cha kompyuta. Mgongo wa binti yangu ulikuwa pale umekatwa ubavuni, pingili moja moja, mweusi na mweupe. Akaweka kalamu juu. Mshipa huu, akasema, kwa mtoto wa umri wake unatakiwa kuishia hapa juu, unaning'inia huru ndani ya maji yake. Akashusha kalamu. Wa kwake umeshuka mpaka huku, na ncha yake imenata kwenye kipande cha mafuta, hiki kinachong'aa. Hauna ulegevu hata kidogo.

"Kama uzi ulioshonwa ukakazwa mno," nikasema. "Kiatu kikikunjwa, unakatika."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ni fundi?"

"Viatu."

"Basi umeelewa kuliko wanafunzi wangu."

Mke wangu hakuwa na muda wa mizaha yetu. "Atatembea?"

"Anatembea sasa, mama. Tukiubandua pale uliponata, tunatumaini ataendelea kutembea. Tukiacha, siwezi kusema hivyo. Lakini kile kilichokwisha kupotea, siwaahidi kwamba kitarudi."

Tukatia saini. Mke wangu alitangulia, mimi nikafuata. Walimpasua wiki iliyofuata, na alilala kifudifudi siku kadhaa akilalamika kwamba dari hajaliona. Alipofumbua macho mara ya kwanza nilimwambia achezeshe vidole vya miguu. Akavichezesha vyote kumi, vya kushoto kwa kuchelewa kidogo. Nilitoka nje nikampigia mama simu.

Sasa tuko nyumbani. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Mama yake alifundishwa kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba kwa saa maalumu, na sasa binti anajifanyia mwenyewe, na mwalimu wake anajua na anamruhusu kutoka bila kumuuliza mbele ya darasa. Siku nyingi anarudi na sketi kavu. Maumivu ya mguu, ambayo hakuwa ametuambia kwa kuniogopa, yamekwisha. Pembeni ya kovu nywele zimeota tena, na hakuna anayezinyoa.

Mama ndiye amebadilika. Kila anaposikia mtaani kuna mzazi, anakwenda, anatoa zawadi yake, anambeba mtoto, anamgeuza. "Nione mgongo." Juzi alikuta baka akamwamuru mama mtu aende kliniki siku hiyo hiyo, na ilikuwa baka tu la kuzaliwa, yule mwanamke akanuna wiki nzima. Mama akamwambia, "Afadhali uninunie." Hajali tena watu watasema nini.

Na kiatu bado nimekatazwa kukigusa. Yule daktari wa "mwakeye" kila miezi mitatu anataka akione kabla hajamwona mwenye mguu. Wiki iliyopita binti alitoka shule akaja kibandani, akakaa kwenye magunia yake, akavua cha kushoto akanipa. Nikakigeuza. Ukingo wa nje bado umeliwa kuliko ndani, mguu ule haujawa kama wa kulia na pengine hautakuwa. Lakini kisigino, mpira wa kisigino ambao haukuwahi kugusa ardhi, ulikuwa umeanza kuliwa. Kidogo tu, upana wa ukucha. Nikapitisha kidole gumba. Nikapitisha tena.

"Baba," akaniita.

Nikaitikia kwa nyusi. Nilikuwa na misumari saba mdomoni.

"Kule kwenye mashine, ulikuwa unasema nini?"

Nikamtazama.

"Nilifungua macho. Mdomo wako ulikuwa unatembea, unatembea tu, na sikusikia kitu. Nikasema akimaliza ataniambia." Akavuta uzi kwenye gunia. "Hukuniambia."

Nikaitema misumari kiganjani, yote saba, nikaiweka kwenye benchi. Nikaweka nyundo chini. Mteja alikuwa amesimama pale na kandambili yake, nikamwambia asubiri.

"Nilikuwa nasema nisamehe, mama. Kwa kukuchapa. Ulisema kweli, nikakuchapa."

Akafikiri. Uso wake ulikunjamana kama anapofanya hesabu.

"Hilo tu? Muda wote ule?"

"Hilo tu," nikamwambia. "Muda wote ule."